Amri ya Nane na Wazee wa Umatumbi

Katika mwaka wetu wa kwanza wa utumishi katika pwani ya Lindi tulitoa mahubiri ambayo mpaka leo tunayakumbuka kwa aibu. Somo la Jumapili ile lilihusu sanamu zisizoweza kuokoa. Ili neno liwaingie washarika, tulitafuta mfano wa karibu. Tukasema kwamba hapa hapa kwetu, mwaka 1905, watu walidanganywa na mganga mmoja kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji, wakaenda vitani kwa ujinga, wakafa bure. Baadhi ya washarika walicheka kidogo. Sisi tukaendelea na kichwa cha pili cha mahubiri.

Baada ya ibada tulisimama mlangoni kuagana na watu. Mama mmoja mtu mzima alijitenga pembeni mpaka wenzake wote wakaondoka. Alikuwa Mmatumbi aliyeolewa huku kwetu na kubatizwa ukubwani. Akatuambia kwa upole, "Baba Mchungaji, babu yangu alikunywa maji yale. Hakuwa mjinga." Kisha akaaga na kwenda zake. Jumapili mbili zilizofuata hatukumwona kanisani.

Tulipomtembelea nyumbani alitukaribisha vizuri, akatuwekea chai na mihogo ya kuchemsha. Hakutulaumu. Alitusimulia tu yale aliyoyapata kwa mama yake: shamba la pamba la jumbe, viboko, mtama wa nyumbani ulioliwa na nguruwe kwa kuwa wenyewe hawakuwapo kuulinda, babu aliyekamatwa na kupelekwa Kivinje asirudi, na njaa iliyofuata, watu wakishinda porini wakichimba ming'oko. Mwisho akatuuliza swali moja: ile habari tuliyoisema madhabahuni tuliipata kwa nani?

Tulijibu kwamba tuliisoma na kuisikia kwa wakubwa wetu. Lakini njiani tukirudi tuliona kwamba hatukuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililotusukuma, miaka michache baadaye, tulipopewa nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika chuo cha theolojia, kuchagua pwani ya Kilwa na Lindi, watu wake na historia yao, kuwa shamba letu la utafiti. Makala haya ni sehemu ya yale tuliyojifunza. Tunayaandika kwa ajili ya washarika, kwa maana tunaamini jambo hili ni la imani kabla halijawa la vyuo.

Amri inayotuhusu

Katika Katekisimo Ndogo, amri ya nane ndiyo inayotukataza kumshuhudia jirani uongo. Tunapowafundisha vijana wa kipaimara amri hii, mara nyingi tunaishia kwenye umbea na masengenyo ya mtaani. Lakini maelezo ya Luther yanakwenda mbali zaidi. Yanatutaka tumtetee jirani, tumnenee mema, na mambo yake tuyachukulie kwa upande ulio bora.

Sasa jirani aliyekufa tumfanyeje? Aliye hai ukimsingizia atakuja mlangoni kukusahihisha, kama mama yule alivyofanya. Aliyezikwa hana wa kumsemea, isipokuwa mjukuu asiyeogopa kumkosoa mchungaji. Kwa hiyo tukisema kwamba historia ni ushahidi juu ya watu wasioweza tena kujitetea, basi kuisoma na kuiandika ni kazi iliyo chini ya amri ya Mungu.

Habari ilivyoandikwa kwanza

Tuangalie basi ni nani alishuhudia kwanza habari za vita vya Maji Maji. Mwishoni mwa Julai 1905, katika kijiji cha Nandete kwenye vilima vya Umatumbi, wilayani Kilwa, watu waling'oa miche ya pamba katika shamba waliloshurutishwa kulilima. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, aliyekuwa akigawa maji ya dawa huko Ngarambe. Walimnyongea Mohoro, wakidhani kwamba mambo yangeishia hapo. Hayakuishia. Tarehe 14 Agosti, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Boma la Liwale likaanguka, misheni ya Nyangao ikachomwa, na vita vikaenea mpaka Mahenge, Songea na Njombe.

Gavana wa wakati huo, Gustav Adolf von Götzen, ndiye aliyeandika kitabu kikubwa cha kwanza juu ya vita hivyo, nacho kilichapishwa Berlin mwaka 1909. Götzen alikuwa na kesi ya kujibu. Watu wa Ujerumani walitaka kujua kwa nini koloni limewaka moto mikononi mwake. Akisema kwamba chanzo ni kodi, viboko na pamba ya kulazimishwa, amejihukumu mwenyewe. Akisema kwamba chanzo ni ushirikina na hila za waganga, amepona. Hatusemi kwamba Wajerumani wote walikuwa na maneno hayo. Huko kwao Bungeni mambo ya makoloni yalijadiliwa kwa ukali miaka ile, na gavana aliyemfuata, Albrecht von Rechenberg, aliuacha mpango wa mashamba yale ya pamba. Lakini neno la ushirikina ndilo lililokuwa jepesi kukumbukwa. Likaingia katika barua za misheni, likapita katika masimulizi ya shule, likafika mpaka katika mimbari yetu.

Hapo ndipo tulipojua jibu la swali la mama yule. Habari yetu tuliipata kwa mshtakiwa, nasi tukaitangaza kama hukumu ya mahakama.

Mifupa ya Tendaguru

Katika utafiti wetu kulikuwa na jambo jingine lililotushangaza, nalo ni la Lindi hii hii. Vita vilipokwisha, mwaka 1907, nchi ya kusini ilikuwa imeteketea. Maofisa wa Kijerumani walikuwa wameamua kuishinda kwa njaa, wakachoma vijiji, maghala na mashamba. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1909, wataalamu kutoka Berlin walifika katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kuchimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale. Walichimba mpaka mwaka 1913. Mamia ya wenyeji walifanya kazi ile, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hodari wa kuitambua na kuitoa mifupa. Zaidi ya tani 200 zilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Mjusi mmoja wa Tendaguru amesimama hadi leo katika jumba la makumbusho la Berlin, na mwaka 2007 mjusi mwingine aliyetoka huko alipewa jina la kitaalamu kwa heshima ya Boheti.

Hatuwalaumu walioichimba mifupa ile. Elimu ya viumbe nayo ni njia ya kumtukuza Muumba. Ila tuliumia kwa tofauti hii: kila mfupa wa mjusi ulipewa alama yake na kuandikwa daftarini, umetoka shimo gani na tabaka gani la udongo. Wanadamu waliokufa katika nchi hiyo hiyo, miaka michache tu kabla, walipewa makisio. Serikali ya Kijerumani ilitaja watu 75,000. Majina yao hayakuandikwa.

Wanafunzi wa Mlimani

Daftari la wanadamu lilifunguliwa baadaye sana, na waliolifungua walikuwa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kichanga chenye somo la sheria, na miaka mitatu baadaye kikahamia Mlimani. Idara yake ya Historia chini ya Profesa Terence Ranger, pamoja na walimu kama Isaria Kimambo na John Iliffe, ilishika msimamo ambao wakati ule haukuwa wa kawaida katika vyuo vikuu: kwamba Mwafrika ana historia yake, na kwamba yale anayoyakumbuka mzee kijijini ni ushahidi unaostahili kupimwa kama unavyopimwa waraka wa gavana.

Mwaka 1968 idara hiyo iliwatuma wanafunzi wake katika maeneo yaliyopigana, wakawaulize wazee habari za Maji Maji. Muda ulikuwa mfupi. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1905 alikuwa sasa na miaka 83. Kila msimu wa mvua uliopita ulimzika shahidi mmoja au wawili.

Katika kazi hiyo jina la kukumbukwa ni Gilbert Gwassa. Yeye alikuwa ameanza kuwasikiliza wazee wa Umatumbi na majirani zao hata kabla ya mpango ule wa 1968. Pamoja na Iliffe alitoa kijitabu cha kumbukumbu za vita, chenye maneno ya wazee wenyewe, na baadaye akaandika tasnifu ya uzamivu juu ya mwanzo na mwenendo wa vita hivyo, aliyoikamilisha Dar es Salaam mwaka 1973. Tasnifu hiyo ilichapwa kuwa kitabu mwaka 2005, miaka mia moja baada ya vita, na mahali ilipochapwa ni Köln, huko huko Ujerumani.

Ndugu msomaji, pengine unajiuliza faida ya mtu kukaa chuoni miaka na miaka akisoma habari za sehemu moja ya nchi. Katika nyumba zetu tunapenda kijana asomee udaktari, uhasibu au uhandisi. Anayesomea jamii na utamaduni wa watu tunamhurumia kidogo. Hebu basi tuone walichokipata wanafunzi hao.

Waliyoyasema wazee

Kwanza, wazee walieleza vita vilianzia wapi. Vilianzia shambani. Tangu mwaka 1902 serikali ilikuwa imeanzisha mashamba ya pamba ya pamoja chini ya majumbe na maakida. Watu walilima huku mashamba yao wenyewe yakimezwa na majani, na malipo yalikuwa madogo hivi kwamba wengine walikataa kuyapokea. Juu yake kulikuwa na kodi ya kibanda na viboko vya maakida.

Pili, walieleza maana ya maji. Kwa wazee wale maji hayakuwa dawa ya risasi peke yake. Yalikuwa kiapo. Umatumbi haukuwa na mfalme. Kila ukoo ulikuwa na mkubwa wake, na koo zilikuwa na ugomvi wa zamani. Aliyekunywa maji alijifunga na wenzake wa koo nyingine. Habari zilipita kwa minong'ono kutoka mtu hadi mtu, nao kwa lugha yao waliuita mnong'ono ule *njwiywila*. Huko Ngarambe Kinjikitile alijenga nyumba kubwa iliyoitwa Kijumba Nungu, yaani nyumba ya Mungu, ambamo mizimu ya koo zote ilikuwa na mahali pamoja. Tena wazee walisema kwamba Kinjikitile aliwaambia watu wangoje neno lake. Ni Wamatumbi waliochoka kungoja, wakang'oa pamba.

Tatu, Gwassa alipima upya hesabu ya wafu, waliouawa vitani na waliokufa kwa njaa na maradhi. Makadirio yake yalifika watu kati ya 250,000 na 300,000.

Sisi tunamwamini Kristo, wala hatufundishi kwamba maji ya Ngarambe yalikuwa na nguvu ya kuokoa. Hayakuokoa, walioyanywa walipigwa risasi wakafa. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kusema kwamba mtu alitumaini kisichoweza kuokoa, na kusema kwamba alikuwa mjinga asiyejua anapigania nini. La kwanza ni imani yetu. La pili ni uongo juu ya jirani.

Amri inawabana na watafiti

Kama tulivyojifunza kumheshimu Gwassa, tulijifunza pia kwamba utafiti wake haukuwa neno la mwisho. Nchi ilikuwa imetoka kupata uhuru, na wengi walitaka kuona katika Maji Maji taifa likizaliwa, makabila yote yakiwa kitu kimoja chini ya nabii mmoja. Watafiti waliofuata walisogea karibu zaidi na kila mahali peke yake. Thaddeus Sunseri, akichunguza Uzaramo, aliwaona wanawake walioachwa wapambane na nguruwe na njaa. Jamie Monson, katika nyanda za juu za kusini, aliona kwamba watawala wengine waliingia vitani, au walikataa kuingia, kwa sababu ya mapatano na magomvi yao ya tangu zamani. Felicitas Becker alichunguza Lindi na Mtwara, na kitabu chake cha mwaka 2008 kinaonyesha kwamba watu wengi wa vijijini huko waliupokea Uislamu katika miongo iliyofuata baada ya vita, wakisukumwa na sababu zao wenyewe. Kwa sisi tulio usharika mdogo katikati ya majirani Waislamu, hilo si jambo la pembeni. Mara ngapi tumesema kwamba majirani zetu ni Waislamu kwa kuwa tu Waarabu waliwakuta kwanza!

Kwa hiyo msomi naye anaweza kumshuhudia jirani uongo, hata kwa nia ya kumsifu. Ukimpamba babu sifa ambazo hakuwa nazo, umemnyima nafasi ya kuwa yeye.

Amri hiyo inatubana na upande mwingine. Askofu Spiss na wenzake nao ni jirani zetu. Masista wale wawili hawakupanda pamba ya mtu kwa kiboko, na kifo chao hakipaswi kupita kama tarehe tu katika kitabu. Nasi Walutheri tuna ukurasa wetu. Huko Yakobi, Njombe, misheni ya Berlin iliposhambuliwa mwezi Septemba 1905, mmisionari Paul Gröschel na Wakristo waliokuwa pamoja naye walijihami kwa bunduki. Walikuwa wamezungukwa, nao waliogopa kufa. Hatukuwapo, hatuwahukumu. Ila tukiadhimisha historia ya kanisa letu katika nyanda zile, tuwakumbuke pia walioanguka nje ya ua wa misheni.

Luka naye aliuliza

Wapo wanaodhani kwamba kazi ya kuuliza, kulinganisha na kuhakikisha ni ya watu wasio na imani ya kutosha. Hao na wafungue Injili ya Luka, sura ya kwanza, aya nne za mwanzo. Luka anamweleza Theofilo kwamba amefuatilia mambo yote kwa makini tangu mwanzo, na kwamba habari zimetoka kwa walioyaona kwa macho yao. Hakuwa mmoja wa wale Kumi na Wawili. Alikuwa mtu aliyekuja baadaye, akakaa na watu wazima, akasikiliza, akapanga kwa utaratibu. Roho Mtakatifu hakuona haya kuitumia kazi ya namna hiyo.

Na angalia ni nani wanaosikika kwa Luka: Elisabeti mzee, Zakaria, wachungaji wa kondoo usiku, Ana mjane katika hekalu. Kaisari Augusto anatajwa kwa ajili ya sensa yake, kisha anaondoka katika habari. Mama kijana kutoka Nazareti, aliyeyaweka mambo yote moyoni, anabaki.

Tufanye nini

Tuliporudi kazini tulijua kwamba kuna deni. Uongo ulisemwa mbele ya watu, basi ulipaswa kusahihishwa mbele ya watu. Jumapili moja, kabla ya mahubiri, tuliwaambia washarika kwamba miaka iliyopita tulisema neno lisilo kweli juu ya wazee wa Umatumbi, na kwamba tunaomba msamaha kwa Mungu na kwa wajukuu wao waliomo kanisani. Mama yule alikuwa amekaa mahali pake. Hakusema neno. Baada ya ibada alitushika mkono kwa mikono yake miwili, kisha akaingia jikoni na wenzake wa umoja wa wanawake kupika chakula cha wageni.

Wapendwa, mashahidi wa Maji Maji wamekwisha wote. Lakini wapo wazee wanaokumbuka uhamisho wa vijiji vya ujamaa, wanaokumbuka korosho zilipoanza kupandwa, wanaokumbuka usharika wetu ulipokuwa watu saba chini ya mwembe. Vijana wa usharika wana simu zenye uwezo wa kunasa sauti. Kila mmoja na amchague mzee mmoja, Mkristo au Mwislamu, amwombe ruhusa, amsikilize mpaka mwisho bila kumkatiza, aandike jina lake, kijiji chake na tarehe, na daftari lihifadhiwe ofisini pamoja na kitabu cha ubatizo. Na kijana akija kuwaambia wazazi kwamba anataka kwenda kusomea historia au jamii ya watu wake, asichekwe. Huenda ndiye atakayekuwa shahidi wa kweli kwa ajili yetu, siku ambayo sisi hatutaweza tena kujisemea.

Mungu, ambaye mbele zake hakuna jina lililopotea, atujalie ulimi wa kweli juu ya jirani aliye hai na juu ya jirani aliyelala. Amina.